Masta ya Uhusiano wa Kimataifa: Nani Atalipa?

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwezi wa nane ukiingia, simu yangu hujaa ujumbe unaoanza na "Dada shikamoo, naomba ushauri." Wengi ni vijana waliomaliza shahada ya kwanza miaka miwili mitatu iliyopita. Wapo kwenye asasi, halmashauri, benki, na wanataka kusoma masta ya uhusiano wa kimataifa. Huniuliza chuo kipi kizuri. Nami huwauliza nani atalipa, na hapo mazungumzo hupoa kidogo.

Nimekusanya hapa yale ninayoulizwa zaidi. Nimeandika nikimfikiria Mtanzania, lakini Mkenya, Mganda na Mkongomani watajikuta humu, maana milango mingi ni ileile.

Inagharimu kiasi gani hasa?

Inategemea nchi kuliko inavyotegemea ubora wa chuo. Marekani ndiko ghali kupita kote. Shule mbili za fani hii, SIPA ya Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York na SAIS ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Washington, ambazo kila anayenipigia huzitaja, hutoza ada inayozidi dola 60,000 kwa mwaka, na masomo ni miaka miwili. Hapo kodi ya chumba hujaigusa.

Uingereza masta ni ya mwaka mmoja. Ada ya London kwa mgeni mara nyingi hupita pauni 25,000. Inauma, lakini unaumia mara moja na mwaka unaofuata uko kazini. Watu husahau kwamba mwaka wa pili darasani ni mwaka wa pili bila mshahara.

Ujerumani ni habari nyingine. Vyuo vingi vya umma havitozi ada hata kwa mgeni. Unalipa mchango wa muhula, kati ya euro 100 na 400, na mara nyingi humo ndani mna tiketi ya basi na treni. Jimbo la Baden-Württemberg limejitoa: tangu 2017 linamtoza mgeni wa nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, kwa hiyo ukiiona Heidelberg, Freiburg au Tübingen, jua hapo kuna ada. Hertie ya Berlin, yenye jina kubwa kwenye fani hii, ni chuo binafsi na kinatoza kama chuo binafsi. Na ukikuta makala inayosema Norway ni bure, tazama tarehe yake. Wageni wa nje ya Ulaya walianza kulipa ada huko mwaka 2023.

Kama Ujerumani ni bure, mbona watu hawaendi kwa wingi?

Kwa sababu ya akaunti iliyofungwa. Ili upate viza, unaweka benki euro 11,904 kwa mwaka mmoja, kisha benki inakufungulia euro 992 kila mwezi. Fedha ni yako, hakuna anayeila, lakini lazima iwepo yote kabla hujapanda ndege. Kwa miaka miwili ni euro 23,808, ingawa viza ya kwanza huhitaji ya mwaka mmoja tu. Ukiweka mchango wa mihula minne, bima ya afya na nauli, "bure" hiyo inapita milioni sitini za Kitanzania bila shida. Bado ni nafuu sana ukilinganisha na New York, ila lazima mtu akuambie mapema, usije ukafurahia barua ya udahili mwezi wa sita halafu ukaanza kutafuta euro 11,904 mwezi wa saba.

Kwani lazima nisome nje?

Hapana, na ningependa swali hili liulizwe mara nyingi zaidi. Nafasi za kuingilia Wizara ya Mambo ya Nje, zinapotangazwa na Sekretarieti ya Ajira, huomba shahada ya kwanza. Masta utaihitaji zaidi huko mbele, au ukiutaka Umoja wa Mataifa, ambako tangazo la P-3, ngazi ya kati ya wataalamu, huomba shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka mitano.

Kurasini, Dar es Salaam, kuna Chuo cha Diplomasia, kilichoanzishwa 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji na sasa kinachobeba jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Nairobi, Chuo Kikuu kimekuwa kikifundisha wanadiplomasia tangu 1973, na chuo binafsi cha USIU wana masta ya uhusiano wa kimataifa. Makerere wana masta ya uhusiano wa kimataifa na diplomasia. Ada ya huku unaweza kuilipa kwa awamu ukiwa bado na mshahara, hasa ukisoma jioni.

Unachokikosa nyumbani ni marafiki wa nchi arobaini, na kwenye kazi hii marafiki hao ni mtaji. Sitakudanganya kwamba haina maana. Lakini kama kazi yako iko Dodoma na utabaki Dodoma, mtaji huo usiulipe kwa kuuza nyumba ya mama.

Nianze kutafuta chuo au nianze na skolashipu?

Skolashipu. Hili ndilo jibu langu refu kuliko yote.

Kila mfadhili ana mlango wake, na mlango ndio unaoamua chuo gani uombe na lini. Chevening ya serikali ya Uingereza inakutaka uchague kozi tatu ndani ya fomu yake; vyuo unaviomba mwenyewe pembeni, na ifikapo mwezi wa saba uwe na udahili usio na masharti kwa angalau kozi moja kati ya hizo. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya haina fomu ya pembeni. Unaiomba programu yenyewe, na humohumo unasema unataka ufadhili. Eiffel ya Ufaransa hairuhusu uombe mwenyewe kabisa: chuo ndicho kinachokupendekeza, kwa hiyo ukisubiri hadi dirisha la Eiffel litangazwe ndipo utafute chuo, umeshachelewa. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, wa kusoma Uingereza, una njia ya kupitia wizara ya elimu ya nchi yako na njia nyingine ya kupitia chuo moja kwa moja.

Sasa chukua kijana aliyeanza na chuo. Ameomba vyuo vitano, vitatu Marekani, amelipa ada za maombi, amefanya mitihani ya lugha, amepata udahili mwezi wa tatu. Anaanza kutafuta mfadhili. Chevening ilifungwa mwezi wa kumi. Erasmus nyingi zilifungwa mwezi wa kwanza. Barua ya udahili ameishika mkononi, nzuri kweli, ina nembo ya rangi, na haina kazi. Barua za namna hiyo nimeonyeshwa nyingi mpaka nimechoka kutoa pole.

Ni skolashipu zipi zinalipa kila kitu?

Nitataja ninazozijua vizuri.

Chevening hulipa ada, posho ya kila mwezi, nauli ya kwenda na kurudi, na viza. Ipo tangu 1983. Inataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800, na watu huogopa tarakimu hiyo bure: ni wiki 70 za kazi ya saa 40. Kujitolea kunahesabiwa, mafunzo kazini yanahesabiwa, kazi ya muda inahesabiwa. Masharti yake ni kurudi nchini kwako kwa miaka miwili baada ya masomo. Haina kikomo cha umri.

Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulianza 1959. Una mada sita, na moja inahusu amani, usalama na utawala, ambayo ndiyo yetu. Hapa wanaangalia maendeleo: utakachosoma kitamsaidiaje mtu wa Kasulu au Kitui. Mrundi na Mkongomani wasipoteze muda, nchi zao si wanachama. Rwanda iliingia 2009, kwa hiyo Mnyarwanda anaruhusiwa.

Erasmus Mundus ndiyo niipendayo kuliko zote kwa fani hii, maana unasoma nchi mbili au tatu. Kuna programu ya usalama na intelijensia inayozungushwa na Glasgow, Dublin na Prague, na nyingine ya masuala ya dunia inayoongozwa na Leipzig. Unapewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24, yaani hadi euro 33,600, na hulipi ada. Lakini nauli, viza na gharama za kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine zinatoka kwenye hizo 1,400. Mwezi wa kuhama utakula mkate na chai. Haichagui nchi, kwa hiyo wa Bukavu na wa Bujumbura wana haki sawa na wa Mombasa.

Ujerumani, DAAD, shirika lao la ufadhili wa masomo, wana ufadhili wa Helmut Schmidt kwa ajili ya sera za umma na utawala bora. Shule ya Willy Brandt pale Erfurt ni mojawapo ya zinazopokea. Jina si uhusiano wa kimataifa, lakini ukisoma mtaala utaona ni ndugu. Wanakulipia hata kozi ya Kijerumani kabla ya masomo.

Rotary wana ufadhili wa masta ya masuala ya amani kwenye vyuo wanavyoshirikiana navyo, kama Bradford Uingereza na Uppsala Sweden. Uzoefu ni miaka mitatu, na masta hiyo husomei nchini kwako. Dirisha lao hufungwa katikati ya mwezi wa tano, wakati ambapo wenzako wamelala, na sijui kwa nini Watanzania wachache huiomba. Wana pia cheti pale Makerere kwa wenye uzoefu mkubwa zaidi, kinachosomwa sehemu mtandaoni na sehemu pale chuoni.

Sweden kupitia Taasisi ya Sweden wanataka saa 3,000 za kazi. Ireland wana programu yao kwa Afrika, na Tanzania, Kenya na Uganda zimo.

Na Marekani? Mbona Mkapa alisoma Columbia?

Alisoma, ndiyo. Benjamin Mkapa alipata masta ya mambo ya kimataifa pale Columbia mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi ikiwa changa na ikihitaji watu kwa haraka. Dk. Salim Ahmed Salim aliipata shahada hiyo hapohapo Columbia akiwa tayari balozi wetu Umoja wa Mataifa, New York hiyohiyo. Huyo wa pili ndiye mfano ninaopenda kuutoa: kazi ilimpeleka kwenye mji wenye chuo, akasoma. Ukipangiwa kazi Geneva, Addis Ababa au Brussels, tazama chuo kilicho jirani kabla hujatazama kingine chochote.

Marekani kuna njia mbili za kweli kwa mtu asiye na fedha, ingawa Mtanzania aulize kwanza ubalozini: viza mpya za masomo kwa Watanzania zilisitishwa Januari 2026. Ya kwanza ni Fulbright, inayopitia ubalozi. Bajeti yake ni ya serikali ya Marekani, hivyo huyumba na siasa za huko. Uliza ubalozini kila mwaka usitegemee tangazo la mwaka jana. Viza yake ni ya J-1, ya mpango wa kubadilishana wasomi, na inakutaka urudi nyumbani miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi.

Ya pili watu wengi hawaijui. Princeton wana shule ya masuala ya umma na ya kimataifa, na kila anayedahiliwa kwenye masta yao ya miaka miwili ya MPA, yaani utawala wa umma, analipiwa ada yote. Wengi hupewa na posho. Kwa ada hiyo hawaulizi unatoka wapi wala baba yako ana nini. Kuingia ndiko kugumu: wanachukua watu wachache, na pamoja na insha wanakutaka uandike waraka wa sera wa kurasa nne, tatizo halisi na pendekezo lako. Waraka huo uandike juu ya jambo ulilolishika kwa mikono, bei ya mahindi Tunduma ikibidi. Usiwaandikie juu ya Mashariki ya Kati ambayo wao wanaijua kuliko wewe.

China, Japani, Uturuki?

China inachukua wengi kutoka kwetu. Ufadhili wa serikali yao hulipa ada, bweni na yuan 3,000 kwa mwezi kwa masta. Unaomba kupitia ubalozi au chuo. Juu yake kuna ufadhili wa Schwarzman pale Chuo Kikuu cha Tsinghua, Beijing, masta ya mwaka mmoja ya masuala ya dunia, kila kitu kimelipwa, kwa wenye miaka 18 hadi 28. Uturuki dirisha hufunguliwa Januari na kufungwa Februari, kwa masta uwe chini ya miaka 30, na unaanza na mwaka wa kujifunza Kituruki. Japani wana MEXT, ufadhili wa serikali yao.

Nimepata ufadhili wa nusu. Nikubali?

Kwanza jibu barua yao. Waeleze kwa adabu kwamba unakitaka chuo, kuna pengo la kiasi hiki, na kama umepata ofa nzuri zaidi kwingine, itaje na uambatishe. Vyuo vya Marekani hasa vimezoea mazungumzo haya, na nimewaona vijana wawili wakiongezewa. Mswahili huona haya kuomba mara ya pili. Hapa haya haina faida.

Wakikataa kuongeza, chukua karatasi. Punguzo la dola 20,000 kwenye ada ya dola 62,000 linasikika kubwa mpaka uone kwamba bado una dola 42,000 mbele yako, mara mbili, na chakula. Nusu ya ada ya miaka miwili Marekani mara nyingi bado ni kubwa kuliko ada nzima ya Uingereza.

Vipi mkopo?

Bodi ya Mikopo ya Tanzania nguvu yake kubwa iko kwa shahada ya kwanza; usijenge bajeti ya masta ya nje juu yake. Na kama bado unadaiwa, makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi yatakusubiri ukirudi. Kenya, bodi yao ya mikopo, HELB, wana mkopo wa uzamili, unasaidia zaidi kwa vyuo vya ndani.

Mkopo wa mfanyakazi wa benki unafaa kwa mambo madogo: nauli, mitihani, viza. Haufai kwa ada ya ng'ambo, maana makato yanaendelea wakati wewe uko darasani na mwajiri labda hakulipi.

Kisha kuna kampuni kama Prodigy Finance na MPOWER, zinazomkopesha mwanafunzi wa kigeni bila mdhamini, kwa kuangalia chuo na kipato anachotarajiwa kukipata. Sizipingi. Kwa anayesoma biashara na kubaki London au New York, hesabu inaweza kukaa sawa. Kwa fani yetu, fanya hivi. Tuseme umekopa dola 100,000 kwa riba ya asilimia 13. Riba peke yake ni dola 13,000 kwa mwaka, karibu dola 1,083 kwa mwezi. Ukiweka shilingi 2,500 kwa dola kurahisisha, ni milioni mbili na laki saba kila mwezi, na deni lenyewe hujaligusa. Halafu rudi ukaajiriwe kama ofisa programu kwa shilingi. Deni la dola na mshahara wa shilingi ni jambo ambalo mimi namkataza mdogo wangu wa tumbo moja, na nawe nakukataza.

Familia iko tayari kunichangia. Kuna tatizo?

Tatizo ni kalenda. Kijana mmoja niliyefanya naye kazi alidahiliwa chuo cha kaskazini mwa Uingereza kwa kujilipia. Ukoo ukaitisha kikao, likafunguliwa kundi la WhatsApp, mjomba wa Muscat akaahidi sehemu kubwa. Uingereza inataka uonyeshe ada iliyobaki pamoja na fedha za kujikimu za miezi tisa: tangu Novemba 2025 ni pauni 1,171 kwa mwezi nje ya London, yaani pauni 10,539, na 1,529 ukiwa London. Sawa. Lakini fedha hizo lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja.

Michango ikaingia kama michango inavyoingia: laki mbili leo, laki tano Ijumaa, ahadi nyingi. Fungu la mjomba lilitua tarehe 19 Agosti, na siku 28 zinaanza kuhesabiwa siku kiwango kinapotimia. Kuhesabu kukamfikisha katikati ya Septemba, viza bado, masomo yameanza. Katikati hapo alikuwa ametoa pauni 60 kulipia vipimo vya kifua kikuu, akashuka chini ya kiwango, hesabu ikaanza upya. Alisafiri mwaka uliofuata. Fedha zikae zimetimia kabla ya mwisho wa Juni, na za matumizi madogo ziwe kwenye akaunti nyingine.

Mwenye ufadhili kamili wa serikali haonyeshi fedha hizi, barua ya mfadhili inatosha.

Niuze kiwanja?

Kwa ada ya Kurasini au Nairobi ambayo utaimaliza na kubaki na chenji, amua mwenyewe. Kwa nusu ya ada ya mwaka wa kwanza wa Marekani, hapana.

Kuna gharama zipi kabla hata ya kupata kitu?

Hizi ndizo zinazomaliza watu kimyakimya. IELTS, mtihani wa Kiingereza, ni zaidi ya dola 200. GRE, mtihani wa kuingilia uzamili Marekani, ni dola 220, ingawa vyuo vingi vimeacha kuitaka. Soma ukurasa wa chuo kabla hujalipa. Ada ya maombi Marekani hufika dola 80 au 100 kwa chuo kimoja, na hapa kuna siri ndogo: andika barua pepe uombe msamaha wa ada hiyo. Wengi hukubali kwa aya mbili tu. Baadhi ya vyuo vya Uingereza hukubali barua ya chuo chako kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza badala ya IELTS. Ongeza pasipoti, kuthibitisha vyeti, kutuma nyaraka kwa kampuni za vifurushi vya haraka.

Kwa anayejilipia Uingereza, ada ya viza inapita pauni 500, na kuna tozo ya afya ya pauni 776 kwa mwaka. Viza ya kozi ya mwaka mmoja huongezewa miezi minne mwishoni, nayo inatozwa, kwa hiyo tozo inafika pauni 1,164. Inalipwa yote siku ya kuomba.

Si nitafanya kazi nikiwa huko?

Utafanya, ya kununulia chakula. Uingereza ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Marekani ni saa 20, tena ndani ya chuo tu. Ujerumani ni siku 140 kamili kwa mwaka. Uswisi unasubiri miezi sita ya kwanza, kisha saa 15 kwa wiki, jambo la kukumbuka kwa wanaoota Geneva. Hakuna ada ya masta iliyowahi kulipwa na kuosha vyombo, na masta ya mwaka mmoja ina kusoma kwingi kuliko unavyodhani. Nilikuwa nasoma kurasa mia mbili kwa wiki na bado nilikuwa nyuma.

Naweza kwenda na mke au mume na watoto?

Uingereza, tangu Januari 2024, mwanafunzi wa masta ya darasani haruhusiwi kuja na wategemezi, isipokuwa awe amefadhiliwa na serikali. Panga gharama za nyumba mbili.

Mafunzo ya vitendo Umoja wa Mataifa yanalipa?

Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haiwalipi wanafunzi wa mafunzo. Miezi mitatu New York au Geneva unaigharamia mwenyewe, na watu huiacha nje ya bajeti. Lakini Gigiri, Nairobi, ni makao makuu ya Umoja wa Mataifa vilevile. Ukiwa na shangazi Kasarani, fanya mafunzo yako pale, ulale kwa shangazi. Arusha kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mwajiri wangu ni serikali. Nafanyaje?

Omba ruhusa ya masomo kabla ya kuomba skolashipu, au angalau mwambie ofisa utumishi kwamba unaomba. Uwe umemaliza kipindi cha majaribio na uwe umethibitishwa kazini. Kama kozi yako inahusiana na kazi yako, ukapata ruhusa yenye malipo, mshahara huo ndio unaolinda familia na mikopo yako nyumbani. Soma mkataba wa kurudi kabla ya kusaini: miaka mingapi, na ukivunja unalipa nini. Mtu asiyeaga hukuta jina lake limefutwa kwenye orodha ya mishahara, na kulirudisha ni safari nyingine.

Kuna wakala anasema atanitafutia skolashipu kwa laki tano.

Chevening, Fulbright na Jumuiya ya Madola hazitozi kuomba. Wakala wa vyuo, hata aliye halali, hulipwa kamisheni na chuo, kwa hiyo atakusukuma kwenye chuo kinachomlipa. Laki tano hiyo fanyia IELTS.

Nikirudi, shahada yangu itatambuliwa?

Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo inayotathmini shahada za nje. Kenya, anza kuuliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uliza kabla ya kulipa, hasa kama masta ni ya mtandaoni au chuo hukukisikia kabla.

Nikikataliwa?

Mimi nilikwenda mara ya tatu. Mara ya kwanza insha zangu zilikuwa hotuba. Nilieleza Afrika inahitaji nini, sikueleza mimi nilifanya nini. Mara ya pili nilichaguliwa. Nikashangilia, tukachinja kuku. Udahili wangu ulikuwa na sharti moja, kuwasilisha matokeo kamili ya shahada ya kwanza kutoka chuo nilichosoma. Nilipeleka ombi, nikalipia, nikaambiwa rudi Jumatatu. Jumatatu aliyekuwa na ufunguo wa kabati yuko likizo. Aliyebaki hana mamlaka ya kusaini. Wiki kumi na moja. Mwezi wa saba ukapita, mfadhili akaandika kwa upole kwamba nafasi imefungwa.

Mara ya tatu nilianza na kabati. Nilichukua nakala sita zilizopigwa muhuri mwezi wa pili, kabla sijaandika hata sentensi moja ya insha, nikazifungia kwenye bahasha za kaki. Mbili bado ninazo.

Kwa hiyo wiki hii nifanye nini?

Nenda ofisi ya msajili ya chuo chako ukaombe matokeo kamili. Nenda asubuhi.